Mbuzi ya Kizungu: Mashine ya Kumenyea Epo Baada ya Misimu Miwili ya Pai

Nianze na bei, maana ndiyo mtu anayoitafuta kwanza: dola 26 na senti kadhaa, Septemba ya mwaka juzi, katika duka la vyombo vya jikoni hapa Minnesota. Jina la kiwanda silitaji. Mashine hizi zinafanana kama vitumbua vya chuma kimoja, ukiijua moja umezijua zote. Tofauti iko miguuni tu, na hiyo nitaifikia, kwa sababu ndiyo iliyoniaibisha mbele ya mama yangu.

Kwa asiyeijua: ni chuma cha kusubu, kizito kuliko kinavyoonekana, kimepakwa rangi nyekundu. Katikati inapita fimbo ndefu yenye hesi kama za bolti. Nyuma ya fimbo kuna mpini wa kuzungusha, mbele kuna uma wa meno matatu. Unaichomeka epo kwenye uma, katikati kabisa, halafu unazungusha. Fimbo inasogea mbele kidogo kidogo na epo inazunguka nayo. Kisu cha kwanza, kidogo kama ukucha, kimeshikwa na springi, kwa hiyo kinapanda na kushuka kikifuata umbo la epo, na ganda linatoka utepe mmoja mrefu unaoning'inia hadi sakafuni. Kisu cha pili ni pete ya chuma iliyoshikana na wembe: pete inatoboa moyo, wembe unakata nyama. Mizunguko kumi na mbili, kumi na tatu hivi, epo iko uchi, imekatika mviringo kama springi, na moyo wake umebaki kwenye uma mfano wa gunzi dogo la mahindi. Ukiipasua mara moja kwa kisu kutoka juu hadi chini, unapata pete. Ukiipasua pande mbili, una nusu duara tayari kwa pai.

Sekunde kumi na tano. Nimehesabu.

Nilichoinunulia ni hiki. Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, na kila Novemba, ile Alhamisi ya nne ambayo Wamarekani wanasherehekea Sikukuu ya Shukrani, kila mfanyakazi analeta kitu. Miaka mitatu nilipeleka sambusa. Sambusa ziliisha, sina malalamiko. Mwaka wa nne bibi mmoja wa pale, mkazi wa chumba cha mwisho wa korido, aliniuliza kama kwetu tunajua kuoka pai. Nikamwambia kwetu tunajua kila kitu. Mdomo huo ndio ulionitia kwenye epo thelathini na mbili, pai nne, epo nane kila pai, kwa kisu cha jikoni, usiku kucha, na dole gumba limepasuka mahali pale pale panapokaa ubapa wa kisu. Mwaka uliofuata nikaenda dukani.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu jina, maana najua kuna watu wa pwani watakaosoma hapa na kuninunia. Ndiyo, kamusi inasema tufaha. Lakini mimi ni mtoto wa Tanga, na kwetu tufaa ni lile tunda la waridi lenye maji, lenye umbo la kengele, linaloanguka uani na kuchafua sakafu. Hili la baridi, lenye stika, linalopangwa piramidi mezani kwa muuza matunda, tunaliita epo. Nikiandika pai ya tufaa shangazi yangu atafikiri nimeoka yale ya uani, na pai hiyo ingekuwa bwawa.

Sasa mashine. Kazi yake ya kwanza inaifanya vizuri sana, lakini si kwa kila epo, na hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho hakikuandikwa kwenye boksi.

Msimu wa kwanza nilienda shambani. Minnesota ni nchi ya epo, mwezi wa tisa na wa kumi watu wanakwenda kuchuma wenyewe na kulipa kwa mfuko. Nilichukua nusu busheli, ambayo ni karibu debe moja la nyumbani, mchanganyiko. Humo zilikuwemo Honeycrisp, ambazo Chuo Kikuu cha Minnesota ndicho kilichozizalisha na kuzitoa kwa wakulima mwaka 1991, na watu wa hapa wanazisifia kama sisi tunavyosifia embe dodo. Zilikuwemo Haralson, za chuo hicho hicho lakini za zamani zaidi, za mwaka 1922, ndogo, kali, zenye vidoa, ambazo vijana hawazinunui na bibi zao hawataki nyingine. Zilikuwemo na McIntosh, zenye harufu nzuri kuliko zote, asili yake Ontario, Kanada.

Haralson ziliingia kwenye uma kwa sauti ya "kwacha" na kutoka safi, ganda jembamba, hakuna hata doa lililobaki. Honeycrisp vilevile, ila ni kubwa, zikizidi ngumi ya mwanamume zinagusa chuma cha chini na inabidi uzipunguze pande. McIntosh ndizo zilizonitia hasira. Uma unaingia kama kwenye kiazi kilichochemshwa, unazungusha mpini na epo imesimama tuli, meno yanachimba shimo ndani. Tatu za kwanza zilichanika. Ya nne ilitoka nusu imemenywa na nusu imepondeka, juisi ikitiririka hadi kwenye mpini. Nikailaani mashine, nikazimenya McIntosh kwa kisu kama zamani, nikazitia kwenye pai yao peke yao.

Pai ile ilipoiva, nikaikata: uji. Uji mtamu wenye harufu nzuri, lakini uji. Kifuniko cha juu kimesimama kama paa la nyumba iliyohamwa, na chini yake, mbali kabisa, kuna mchuzi wa epo. Pai ya Haralson iliyokuwa pembeni yake vipande vimekaa tabaka kwa tabaka, laini lakini kila kimoja na umbo lake, na ukikata kinasimama kwenye sahani bila kusambaa.

Ndipo nilipoelewa. Epo inayokubali mashine hii ndiyo inayokubali oveni. Inayotaka kupasuka kwenye uma itapasuka na ndani ya pai. Tangu siku hiyo sihitaji mtu aniambie epo gani ya kuoka. Naichomeka. Ikishika, inaingia kwenye pai. Uma ukizunguka peke yake, tunaipika rojo ya kulia na uji wa asubuhi. Granny Smith, zile za kijani unazozipata mwaka mzima mpaka kwenye duka la petroli, zinashika kama jiwe. Zilianzia Australia, kwa bibi mmoja aliyeitwa Maria Ann Smith, kule Eastwood karibu na Sydney, mwaka 1868, na ukikosa chochote kingine chukua hizo, changanya na tamu mbili tatu. Red Delicious, zile nyekundu ndefu zenye vinundu vitano chini, mashine inaziacha na vistari vya ganda kwenye mabonde yote, na nyama yake inakatika kama sifongo. Na kwenye pai, vivyo hivyo, ladha ya karatasi.

Niliutangaza ugunduzi huu kwenye kikundi cha familia, na dada yangu mkubwa anayekaa Leicester akanikata maini. Huko Uingereza epo ya pai ni Bramley, mti wake wa kwanza uliota kwa mbegu iliyopandwa Southwell, Nottinghamshire, mwaka 1809, na Bramley ni ngumu na kali ikiwa mbichi, mashine itaimenya bila shaka, halafu ikiingia motoni inayeyuka kuwa povu. Na ndivyo Waingereza wanavyoitaka! Wanaila na kastadi ya moto juu. Basi kanuni yangu ni ya upande huu wa bahari. Dada akasema pia kwamba Bramley nyingi ni kubwa mno haziwezi kukaa kwenye kidude changu, na hapo sikumjibu.

Unene wa vipande. Yangu inakata kama nusu sentimita na ushee, na haibadilishiki. Watu wengine wanalalamika kuhusu hilo. Mimi naona kwa pai ya kawaida ya vifuniko viwili ndio unene wenyewe, kwa sababu vyote viko sawa, hakuna kipande kilichoiva na kingine kinachokwaruza meno. Faida nyingine ni kwamba vipande bapa vinalala juu ya vingine kama kadi. Ukivipanga kwa mkono, si kuvimwaga, hewa inabaki kidogo, na kifuniko hakiachi lile pango chini yake. Sahani ya sentimita 23 inameza kilo moja na robo ya epo zilizomenywa, na utadhani umezidisha. Hujazidisha, zitashuka.

Mengine ya pai nayapitia haraka. Vipande natia sukari gramu 150, ndimu nusu, mdalasini kijiko cha chai, kungumanga ya kukwaruza kidogo, iliki punje nne za kutwanga (hii ni yangu, Wamarekani hawaitii, na mpaka leo hakuna aliyeirudisha sahani), wanga wa mahindi vijiko viwili vya chakula. Oveni nyuzi 220 dakika ishirini, halafu 190 dakika arobaini au zaidi, mpaka uone juisi inachemka kwa mapovu mazito kwenye matundu ya juu. Si rangi ya unga ndiyo inayokuambia pai imeiva, ni yale mapovu. Wanga usipochemka haukamati. Halafu iache saa tatu, nne. Najua ni adhabu. Ukiikata ya moto utapata supu na utaisingizia mashine.

Donge ndilo nililokaa nalo muda mrefu, na kwa msomaji wa kwetu ndipo penye utamu wa kueleza. Mapishi mengi ya zamani ya huku yanataka mafuta ya nguruwe. Mimi siyatumii, kwa hiyo nilibaki na siagi. Lakini mimi ni wa samli, nimekua na chapati za kuchambuka, nikasema kwa nini nisitumie samli? Nikapima gramu zilezile 225 kwa vikombe viwili na nusu vya unga. Lilitoka donge zuri, laini, linasukumika kama nini. Lilipoiva likawa biskuti. Lilivunjika kama kileja, halikuchambuka hata tabaka moja. Baadaye nikatambua: samli ni mafuta matupu, maji yake yalikwisha kuchemshwa. Siagi ina maji ndani, kama sehemu moja katika sita, na vile vipande vya siagi ya baridi vikikutana na moto mkali maji yanageuka mvuke, mvuke unasukuma unga juu, ndipo tabaka zinapatikana. Kwenye chapati tabaka tunazifanya kwa mikono, tunapaka, tunakunja, tunazungusha kama konokono. Kwenye pai tabaka zinafanywa na baridi. Siagi ikiyeyuka kabla ya oveni, umepoteza. Kwa hiyo usikande! Mkono uliozoea kukanda maandazi utakusaliti hapa. Bonyeza tu likamatane, lifunike, liende kwenye friji saa moja.

Turudi kwenye mashine, na pai za aina nyingine, kwa sababu hapa ndipo inapokupa na inapokunyima.

Ile ya Kiholanzi ya Wamarekani, isiyo na kifuniko ila makombo ya unga, siagi na sukari ya kahawia yaliyomwagwa juu: nzuri mno, vipande bapa vinabeba makombo bila kuzama. Kwa mvivu kama mimi baada ya zamu ya usiku ndiyo pai ya kuanzia, unasukuma donge mara moja badala ya mbili.

Ile ya Kifaransa ya kupindua, epo chini kwenye sukari iliyoungua, unga juu, halafu unaigeuza: hapana. Hiyo inataka robo nzima za epo, minofu, zinazokaa kwenye karameli nusu saa bila kuyeyuka. Vipande vya mashine viligeuka jemu. Wafaransa wanaiita Tatin, kwa jina la akina dada wawili waliokuwa na hoteli Lamotte-Beuvron. Unaweza kuilegeza nati na kuutoa wembe wa kukatia ili mashine imenye tu, kisha ukate robo mwenyewe. Nimefanya hivyo mara moja. Kuurudisha wembe mahali pake kulinichukua muda mrefu kuliko kumenya epo sita kwa kisu, na nilijikata.

Na jambo ambalo sikulitegemea: pete za kukausha. Mashine ikitoa epo yenye tundu katikati, unazipasua pete, unazitunga kwenye uzi kama ushanga wa kiunoni, unazitundika karibu na kipasha joto. Siku mbili tatu zimekuwa ngozi. Zamani Marekani ndivyo epo zilivyohifadhiwa kwa majira ya baridi, majirani wakikusanyika jioni nzima kumenya na kutunga, na ndiyo maana mashine hizi zilibuniwa. Moses Coates wa Pennsylvania alipata hati ya ubunifu ya kimenyeo chake mwaka 1803. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Huku wana msemo kwamba kitu ni cha Kimarekani kama pai ya epo. Epo asili yake milima ya Kazakhstan. Pai ilikuja na Waingereza na Waholanzi. Mdalasini na kungumanga zilivuka bahari ileile inayopiga kwetu Raskazone. Cha Kimarekani ndani ya pai ile ni hiki kichuma cha kuzungusha.

Pete zile kavu ukiziloweka, ukazipika na sukari na karafuu moja, ukazikunja ndani ya donge la nusu mwezi na kukaanga, unapata vipai vya mkononi wanavyokula majimbo ya kusini. Mfanyakazi mwenzangu wa Georgia alipoviona alisema ni vya bibi yake. Mimi niliona sambusa tamu. Hatukubishana, tulikula.

Kuna na mwenzetu mmoja wa Vermont, ambaye hali pai bila jibini. Nilidhani ananitania mpaka akanionyesha: jimbo lao mwaka 1999 liliifanya pai ya epo kuwa pai rasmi ya jimbo, na sheria yenyewe inahimiza iandaliwe na glasi ya maziwa baridi, au kipande cha jibini ya chedari kisichopungua nusu aunsi, yaani kama gramu 14, au kijiko kikubwa cha aiskrimu ya vanila. Nimejaribu jibini. Chumvi, ukali, utamu, ni kama embe bichi na chumvi na pilipili kwa mtu ambaye hajawahi kula embe bichi. Sijaachana na aiskrimu, lakini sicheki tena.

Kasoro, sasa.

Kwanza, maandishi yaliyokuja na mashine yalisema inaoshwa kwenye mashine ya vyombo. Isioshwe. Mara ya pili kuioshea humo wembe ulitoka na kutu ya rangi ya chungwa, na rangi nyekundu imeanza kuchubuka shingoni. Ioshe kwa mkono, ifute papo hapo, paka tone la mafuta ya kula kwenye fimbo. Asidi ya epo haina huruma na chuma.

Pili, ile nati ndogo inayoshika kisu cha kumenyea inalegea kila baada ya epo kumi, kumi na tano. Utajua kwa sababu ganda linaanza kutoka nene, na nyama nyingi. Hakuna bisibisi iliyokuja nayo. Mimi nakaza kwa ncha ya kisu cha siagi, na hicho kisu cha siagi sasa hakifai kwa siagi.

Tatu, mguu. Hizi mashine zina aina mbili. Moja ina jiliwa, unaibana kwenye ukingo wa meza kwa kuikaza chini. Nyingine, yangu, ina kitako cha mpira na kiwiko pembeni: unakisukuma kiwiko, mpira unanyonya meza. Dukani muuzaji aliniambia ya kunyonya ni bora kwa sababu makabati ya siku hizi hayana ukingo wa kubana. Kweli. Kwenye kaunta yangu ya mawe laini inashika hata ukiivuta kwa mikono miwili. Ila meza iwe laini na kavu. Tone moja la juisi chini ya mpira, inaanza kutembea.

Niliibeba Tanga likizo iliyopita. Ndani ya sanduku, nimeifunga na khanga, na bado walinifungulia sanduku uwanja wa ndege kuiangalia. Nilikuwa nimejigamba kwa simu miezi miwili. Ngamiani, sebuleni kwa mama, majirani watatu wamekaa, watoto wamesimama mlangoni. Epo nilizinunua soko la Mgandini, za Lushoto, ndogo ndogo, kijani na wekundu upande mmoja, kali mpaka taya zinauma. Nikaiweka mashine kwenye meza ya mama. Meza ya mbao ya mninga, ya marehemu baba, yenye mistari na mikwaruzo ya miaka arobaini. Nikasukuma kiwiko. Nikazungusha mpini. Mashine ikainuka kama punda aliyekataa mzigo, ikaanguka ubavu, epo ikabingirika hadi kwa mtoto wa jirani, naye akaila.

Tukajaribu juu ya kitambaa cha plastiki. Ikavuta kitambaa. Tukajaribu juu ya friji. Mpini ukawa juu ya kichwa changu. Mama, ambaye mpaka hapo alikuwa kimya, akasema, "Mwanangu, hiyo mbuzi yako ya Kizungu mbona haina pa kukalia?"

Akaenda jikoni akarudi na mbuzi yake ya kukunia nazi, akaiweka sakafuni kando ya mashine, zikae sawasawa, tuone. Na hapo nikaona anachokiona yeye. Mbuzi unaikalia, uzito wako ndio jiliwa. Sakafu ya mama ni ya vigae. Nikaifuta kigae kimoja kwa kitambaa kikavu, nikaiweka mashine chini, nikasukuma kiwiko. Ikashika. Nikakaa juu ya mbuzi ya mama, mashine mbele ya miguu yangu, nikamenya epo kumi na mbili za Lushoto, watoto wakigombania maganda. Hazikuteleza hata moja. Zilizunguka kama Haralson.

Pai yenyewe ilinitesa. Nyuzi 32 nje, siagi inayeyuka kabla sijaikata. Niliuweka unga wenyewe kwenye friza kwanza, na bakuli, na mti wa kusukumia, na nikasukuma saa kumi na moja alfajiri kabla jua halijachomoza. Oveni haikuwepo. Mama alisema tunapika kama mkate wa kumimina: sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, sahani juu ya mawe matatu madogo, mfuniko, moto wa juu mwingi na wa chini kidogo. Saa moja na robo. Kitako kilikuwa kigumu upande mmoja, siwezi kudanganya. Lakini juu kulikuwa na rangi ya andazi lililoiva vizuri, na mapovu yalitoka mazito kwenye matundu kama inavyotakiwa. Mama alikula kipande chake na chai ya rangi. Alisema sukari imezidi na iliki imepungua. Akaongeza kipande.

Kwa hiyo, nani anunue? Ukioka pai moja kwa mwaka, kisu kinakutosha. Ukioka nne kwa mpigo, au una mti wa epo uani, au unataka kukausha, nunua, na angalia meza yako kabla ya kuchagua mguu. Nyota nne kwa kumenya, nyota mbili kwa mguu. Kwa embe usijisumbue, kuna kokwa. Kwa viazi inafanya kazi vizuri kabisa, na hilo ndilo lililonigharimu, kwa sababu jirani wa mama anauza viazi vya bajia jioni, aliona pete zile zinavyotoka sawasawa, na siku ya kuondoka kwangu mashine haikuonekana mpaka basi lilipokuwa linapiga honi.

Nimeshanunua nyingine, dola 29 safari hii. Wiki iliyopita mama alinitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake mafuta yanachemka na mtu anagombana na mtoto. Anauliza ile nati ndogo ya kisu inakazwa kuelekea kulia au kushoto, maana wamejaribu kote kuwili.